Ndege wa Mitole na Msitu wa Mto Tana

Historia ya nchi zetu aghalabu huandikwa kwa majina ya watawala, vita, misafara na mikataba. Desturi hiyo si mbaya, kwani mambo hayo yamegeuza maisha ya watu wengi. Walakini iko historia nyingine iliyoandikwa kwa wino hafifu zaidi, nayo ni ya viumbe vilivyoishi kando yetu, vikapungua pasipo mtu kuvihesabu, na vikatoweka pasipo mtu kuvililia. Makala haya yanahusu kiumbe kimoja cha namna hiyo: ndege mdogo wa msitu wa mto Tana katika Kenya. Alitiwa katika vitabu vya elimu mwaka 1879. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, mara ya mwisho kuonekana katika mto huo ilikuwa mwaka 1961. Baina ya miaka hiyo miwili kuna miaka 82, na katika muda wote huo hapana sheria wala bodi wala mlinzi aliyewekwa kwa ajili yake.

Msomaji aweza kuuliza: ndege mmoja mdogo ana uzito gani hata aandikiwe insha? Jibu langu ni kwamba habari zake zimefungamana na habari za maji, miti na watu wa Tana kiasi ambacho haziwezi kutenguliwa. Kila mara mtu alipojaribu kuushughulikia mto peke yake, au msitu peke yake, au wanyama peke yao, kazi yake iliharibika. Nitajaribu kuyaeleza hayo kwa taratibu ya miaka, ili msomaji aamue mwenyewe kama nimenena kweli.

Kwanza ndege mwenyewe. Wataalamu wamemweka katika jamii ya apalisi, ndege wadogo wembamba wenye mikia mirefu ambao hula wadudu. Kwa kuwa dume ana baka jeupe bawani, tutamwita apalisi bawa-jeupe. Urefu wake ni kama sentimeta 12, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia. Dume ana mgongo mweusi wa kung'aa, koo jeupe, ukanda mweusi kifuani, na chini ya ukanda huo rangi ya manjano iliyoiva. Jike hakupewa mapambo mengi hivyo. Kichwa chake ni cha kijivu. Hukaa juu katika vilele vya miti mirefu, akipekua majani na kuokota wadudu. Tabia hii ni ya kukumbukwa, maana ndege akaaye juu ya miti mirefu hawezi kuhamia vichakani miti hiyo ikianguka. Nyumba yake ni kilele, na kilele hakipo pasipo mti mkubwa.

Sasa tuuangalie msitu. Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, yapata kilomita 1,000. Huanzia katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hushuka kwa mashariki, kisha hugeuka kusini kupita Garissa, Bura na Hola, na kuingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Nusu yake ya chini hupita katika nchi kavu mno. Mvua za huko ni chache, na mtu akienda mbali kidogo na ukingo hukuta miiba na vumbi. Lakini penye mto penyewe husimama mikuyu, mikwaju, mikindu na mikoma, pamoja na mti wa jamii ya popla ambao hauonekani ila kando ya mito michache ya Afrika Mashariki. Mgeni anayeuona msitu huo kwa mara ya kwanza hudhani kuwa umeletwa na mvua. Sivyo. Umeletwa na mafuriko.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, mvua za milima ya mbali huujaza mto hata ukapita kingo zake. Maji hayo hutandaza tope jipya lenye rutuba, hushuka ardhini na kukaa chini kama akiba, na mizizi ya miti huyafuata huko wakati wa kiangazi. Msitu hufika pale tu akiba hiyo ifikapo. Mahali pengine upana wake ni mita mia chache, mahali pengine ni kilomita moja au mbili, na zaidi ya hapo hukoma ghafula. Tena, mbegu za miti kadha wa kadha huota vizuri katika mchanga mpya ulioachwa na maji. Kwa hiyo mafuriko huunywesha msitu uliopo na papo hapo hupanda msitu ujao. Mto nao hubadili njia yake mara kwa mara. Huacha msitu mmoja ukauke na kuanzisha mwingine upande wa pili. Kutokana na hayo, msitu wa Tana haukupata kuwa kitu kimoja kilichoungana. Ni vipande vingi, vikubwa na vidogo, vilivyotungwa katika mto kama shanga katika uzi.

Katika ukingo huo wanaishi Wapokomo, ambao huuita mto Tsana. Lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili, na msomaji wa pwani akiisikia hukamata maneno mengi kabla ya kuelezwa. Kilimo chao cha asili kilifuata maji. Walipanda mpunga penye bonde lililofurika, na mahindi na ndizi penye kingo zilizoinuka, na miembe yao huonekana kutoka mbali. Nyuma yao, katika nchi kavu, wako Waorma na ng'ombe wao, ambao wakati wa kiangazi hushuka mtoni kwa njia maalumu zilizokubaliwa. Chini kabisa, penye delta, ndipo nchi ya Waswahili wa Kipini na Ozi na Witu, waliofanya biashara na watu wa juu kwa mitumbwi. Sisemi kwamba watu hao hawakukata miti. Walikata kwa ajili ya mashamba, mitumbwi na nyumba. Lakini walikata kwa shoka na kwa kiasi cha nguvu za ukoo, na mto ukarudisha kwa mafuriko sehemu ya kile kilichokatwa. Ushahidi wa jambo hilo ni rahisi: wageni walipokuja, msitu walikuta upo.

Miongoni mwa wageni hao alikuwamo Gustav Adolf Fischer, daktari Mjerumani aliyefika Unguja mwaka 1876 pamoja na msafara wa Clemens Denhardt. Mwaka 1877 alitembea Witu na nchi ya Waoromo wa kusini, na mwaka 1878 akaupanda mto Tana katika nchi ya Wapokomo hata akafika Massa. Fischer alikuwa mganga kwa kazi na mpenzi wa ndege kwa moyo. Popote alipopita alikusanya ndege, akawachuna, akazikausha ngozi zao na kuzipeleka kwao. Huko Mitole, katika Tana ya chini, alimpata ndege tunayemzungumzia.

Ngozi hiyo ilifika Berlin mikononi mwa Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya mji huo, naye mwaka 1879 akamtangaza kuwa aina mpya kwa jina la Apalis chariessa. Neno la pili ni la Kigiriki, na maana yake ni mwenye haiba. Mwaka mmoja kabla yake, Reichenow alikuwa amelipa jina la Fischer ndege mwingine wa pwani yetu, mkubwa wa rangi ya kijani, mwenye mabawa mekundu na shungi kichwani.

Hapa inatupasa tusimame kidogo. Msafiri mgeni hapandi mto kama ule bila ya wenyeji wa kumwongoza, kumvusha na kumwonyesha. Hata hivyo jina lililobaki vitabuni ni la Kigiriki, lililochaguliwa na mtu aliyekuwa Berlin, na mahali ndege alipopatikana, yaani Mitole, pamekuwa neno moja dogo katika maelezo. Silisemi hili kwa uchungu. Bila ya Fischer na Reichenow tusingejua hata kwamba ndege huyo alikuwako, na deni hilo ni la kukubaliwa. Lakini ni vema kutambua kwamba tangu siku ya kwanza elimu ya ndege huyu ilihama mtoni ikaenda kukaa mbali. Na haikuhama peke yake. Mwaka 1885 akina Denhardt walifanya mapatano na Sultani Ahmed wa Witu, na nchi yake ikawekwa chini ya himaya ya Ujerumani; mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza kwa mkataba uliohusu pia Unguja na kisiwa cha Heligoland. Basi katika muda wa miaka 12 tangu Fischer aupande mto, watu wa Tana ya chini walikuwa wamepitishwa katika mikono ya mataifa mawili ya Ulaya. Fischer mwenyewe hakuyaona ya mwisho, maana alifariki mwaka 1886.

Tangu hapo kumbukumbu za apalisi bawa-jeupe katika Tana ni chache mno. Wataalamu walipita kwa nadra, kwa kuwa njia ilikuwa ngumu na mbu walikuwa wengi. Baadaye ndege wa aina hiyo hiyo, wenye tofauti ndogo tu za mwili, waligunduliwa mbali na Tana: Tanganyika ya mashariki, kusini ya Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na Msumbiji. Kwa sababu ya tofauti hizo wataalamu waliwaweka wale wa kusini katika tawi lao, na ndege wa Tana wakabaki tawi la peke yao. Hivyo kupotea kwa ndege wa Tana ni kupotea kwa tawi zima, hata kama shina bado lasimama kwingine.

Wakati huo mto ulianza kutazamwa kwa jicho jipya. Serikali ya kikoloni iliona maji mengi katika nchi kavu, ikafikiri juu ya mifereji. Huko Hola, tangu mwaka 1953, wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari walitumiwa katika kazi ya kufungua mashamba ya umwagiliaji. Mahali hapo ndipo, tarehe 3 Machi 1959, mahabusi 11 walipopigwa hata kufa kwa sababu ya kukataa kazi ya kulazimishwa. Habari hiyo ni ya historia ya wanadamu na hadhi yake ni kubwa. Haifai kutumiwa kama pambo la habari za ndege. Naitaja kwa kuwa yaonyesha jinsi mto ulivyoanza kuongozwa kwa amri itokayo mbali, na jinsi waliokuwa juu ya ardhi yake walivyohesabiwa kuwa mikono tu.

Mwaka 1961 ndege alionekana mara ya mwisho. Mwaka huo huo, katika miezi ya vuli, Afrika Mashariki yote ilipata gharika kubwa. Ziwa Viktoria lilipanda, na mto Tana ukafurika kupita kiasi. Asije mtu akafikiri kwamba gharika ndiyo iliyomwondoa. Ndege huyo alikuwa amezaliwa na mafuriko, na miti yake pia. Tujihadhari vilevile na kusema kwa uhakika kwamba amekufa wote. Kutoonekana si kufa. Ndege wa kimo cha kidole, akaaye katika vilele, katika msitu usiopitwa na watafiti ila kwa nadra, aweza kujificha miaka mingi. Lakini miaka zaidi ya 60 ni mingi, na waliotafuta hawakurudi na habari njema. Mtu mwenye busara hutumaini, walakini hajengi hesabu yake juu ya tumaini.

Baada ya uhuru, Kenya ilihitaji umeme, na haja hiyo ilikuwa ya haki. Mto Tana ukapewa kazi hiyo. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, la Kamburu mwaka 1974, la Gitaru mwaka 1978, la Masinga mwaka 1981 na la Kiambere mwaka 1988. Kwa miaka mingi mabwawa haya matano yalitoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi nzima, na asiyekubali manufaa hayo ajaribu kuandika usiku bila taa. Lakini Masinga ni bwawa la kuhifadhi maji. Kazi yake ni kuyazuia wakati wa wingi na kuyatoa wakati wa uchache. Kwa mtu wa mitambo, hiyo ni sifa. Kwa msitu wa chini, ni kuondolewa kwa kile kilichouzaa. Watafiti waliopima mto kabla na baada ya Masinga walikuta kwamba vilele vya mafuriko vimepungua. Tope nalo hutua katika mabwawa badala ya kufika mashambani. Miti mizee iliendelea kusimama kwa akiba ya chini, lakini miche ya kurithi nafasi yake ikawa michache. Msitu wa namna hiyo hudanganya macho, kwa maana mtazamaji huona kivuli na kufurahi, asijue kwamba anatazama wazee wasio na watoto.

Pigo la pili lilitoka Bura. Mpango wa umwagiliaji wa huko, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mikopo mikubwa ya nje, ulikusudia kulima takriban hekta 6,700 na kuleta maelfu ya familia kutoka sehemu nyingine za Kenya. Hekta zilizolimwa kwa kweli zilikuwa kama 2,500. Pampu ziliharibika, gharama zikapanda, walowezi wakahangaika. Watu walioletwa katika nchi kavu na kupewa mashamba ya pamba walihitaji pia kuni za kupikia na miti ya kujengea. Mpango ulipokawia kuwapa, walikwenda mtoni. Nani atawalaumu? Mtu hapiki kwa ahadi. Kosa lilikuwa la hesabu iliyohesabu ekari na marobota ikasahau jiko.

Hifadhi yenyewe ilikuja mwaka 1976, lakini haikuja kwa ajili ya ndege. Katika misitu hiyo wanaishi nyani wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani, nao ni mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Watafiti wa miaka ya 1970 walieleza upekee wao, na serikali ikatenga eneo la yapata kilomita za mraba 169 kuwa hifadhi ya taifa. Hesabu ya mwaka 1994 ilikuta kwamba kila aina imebaki na wanyama wapatao 1,000 na zaidi kidogo. Kwa hiyo wazo la hifadhi lilikuwa jema, na hatari ilikuwa ya kweli. Dosari ilikuwa katika namna ilivyowekwa. Ndani ya mipaka iliyochorwa walikuwamo Wapokomo na mashamba yao, na wenyeji hao hawakuridhiana na mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi mwingine wenye fedha za nje ulipotaka kuwahamisha watu kutoka msituni, ugomvi ulizidi, na baadhi ya wakazi wakakata miti kwa hasira, wakisema kwamba kama nyani ndio sababu ya kufukuzwa kwao, basi nyani wakose pa kukaa. Hatimaye, mwaka 2007, Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuwekwa kwa kufuata taratibu za sheria.

Wako waliohuzunika kwa hukumu hiyo wakaiona kuwa ushindi wa shoka. Mimi naisoma vingine. Mahakama haikusema kwamba msitu hauna thamani. Ilisema kwamba ardhi ya watu haichukuliwi bila ya watu. Na yaliyofuata yanathibitisha kwamba hayo mawili yaweza kukaa pamoja, kwa maana wakazi wa Ndera baadaye waliunda hifadhi yao ya jamii, wakachagua walinzi kutoka miongoni mwao, na misitu yenye nyani hao ikawa chini ya ulinzi wa wenye nchi.

Funzo kama hilo lilikuja kutoka delta. Mwaka 2008 mpango wa kulima miwa kwa maelfu ya hekta ulipata kibali, na wenyeji waliotegemea bonde kwa kilimo, uvuvi na malisho wakaupeleka mahakamani pamoja na marafiki wa mazingira. Mwaka 2012 delta iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye thamani ya pekee, yaani orodha ya Ramsar. Lakini mwaka huo huo, na kuendelea hadi 2013, Wapokomo na Waorma walipigana juu ya ardhi na maji na siasa, na watu zaidi ya 100 wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliagiza kwamba mpango wa matumizi ya ardhi utungwe kwa kuwashirikisha wakazi, na mpango wa namna hiyo ukazinduliwa mwaka 2015. Asemaye kwamba habari za mto ni habari za ndege na nyani tu, na atazame makaburi ya miaka ile. Maji yanapopungua na kingo zinapokatwa vipande, wanaoteseka kwanza huwa viumbe wasio na sauti, na baada yao huwa jirani na jirani.

Kuna hoja ya kupinga ambayo haifai kupuuzwa. Yasemwa kwamba ndege huyu angali yuko kwingine, basi kwa nini kusumbuka na Tana? Ni kweli kwamba jamaa zake wako katika misitu ya Uluguru na Udzungwa katika Tanzania, na kwamba sehemu ya Udzungwa imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1992 na misitu ya Uluguru imewekwa chini ya hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Hizo ni habari za kushukuru. Lakini katika Malawi, msitu wa mlima Thyolo, mojawapo ya maskani yake, umekatwa karibu wote katika maisha ya kizazi kimoja. Mwenye nyumba tano akichomewa moja hasemi kwamba hana hasara. Na akichomewa ya pili anaanza kuhesabu. Zaidi ya hayo, nimekwisha kueleza kwamba ndege wa Tana walikuwa tawi la peke yao. Hakuna wa Uluguru awezaye kuwa wa Mitole.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Yasemwa kwamba yaliyopita yamepita, ndege ameondoka, na juhudi ifanywe kwa walio hai. Nakubali nusu ya hoja hii. Juhudi ifanywe kwa walio hai, nao ni mbega, mangabei, miti, na watu. Lakini ndege aliyetoweka ana kazi moja ambayo wengine hawawezi kuifanya, nayo ni ushahidi. Ametuonyesha mwendo mzima wa jambo hadi mwisho wake. Alijulikana, akasahauliwa, akapotea. Na ulinzi ulipokuja, ulikuja baada ya miaka 15 tangu aonekane mara ya mwisho, ukawafuata wanyama wengine, na ukawaacha watu nje. Tukitaka kujua yatakayompata mbega mwekundu tusipojirekebisha, hatuhitaji kubuni. Kitabu kipo wazi.

Kutokana na historia hii naona mambo manne ya kutendwa. La kwanza ni maji. Msitu uliozaliwa na mafuriko haulindwi kwa ua. Hulindwa kwa mafuriko. Yafaa wenye mabwawa na wenye bonde wakae pamoja na kukubaliana juu ya kuachia maji mengi kwa makusudi katika misimu yake, kwa kiasi kisichozamisha vijiji na kinachofika kwenye mizizi. Na kila mpango mpya wa bwawa katika mto huo, ukiwamo ule wa High Grand Falls uliozungumzwa kwa miaka mingi, uulizwe swali hili kabla ya saruji kumwagwa wala si baada yake. La pili ni wenyewe. Msitu uwe mali na wajibu wa vijiji vilivyo karibu nao, faida yake ionekane nyumbani mwao, na njia za mifugo ya Waorma ziheshimiwe katika mapatano yale yale. La tatu ni kuni. Mpango wowote unaoleta watu mtoni uwapandie miti ya kutumia kabla ya kuwapandia pamba au mpunga.

La nne ni elimu, na hapa nazungumza na wenzangu wa vyuo. Ndege huyu atafutwe tena, kipande kwa kipande cha msitu, na watafutaji wawe vijana wa Tana waliofundishwa kutambua sauti na umbo lake. Pamoja na kutafuta, waulizwe wazee wa Kipokomo majina ya ndege na miti yao, na majina hayo yaandikwe katika kamusi zetu. Kiswahili kimekopa maneno ya meli, ya sheria na ya mashine. Hakitapungukiwa kikikopa kutoka kwa ndugu yake wa mtoni. Kitu kisicho na jina katika lugha ya watu wake ni rahisi kupotea, kwa kuwa hapana wa kuuliza, "Yuko wapi fulani?"

Mto Tana bado unashuka kutoka milimani, na vipande vya msitu bado vimesimama katika uzi wake, ingawa shanga kadha zimekatika. Apalisi bawa-jeupe akiwa hai humo, anahitaji miti mirefu, na miti mirefu inahitaji maji, na maji yanahitaji mapatano ya watu. Akiwa hayuko tena, mahitaji hayo matatu yanabaki vilevile kwa ajili ya wote waliosalia. Kwa hali zote mbili kazi ni moja, na wakati wa kuifanya ni huu, wazee wa msitu wangali wamesimama na mbegu zao zingali zinangoja tope jipya.